Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutolewa kwa wepesi mno, aghalabu na aliyeshinda, na karibu kila mara humwelekea aliyeshindwa. Ni yeye anayetakiwa kumeza machungu, kutoa mkono, kutabasamu na kwenda zake. Ni nadra kusikia methali hiyo ikimwelekea mtu wa tatu, yule aliyeyapanga mashindano yenyewe, na kumwuliza: je, umeandaa kushindwa kunakokubalika? Swali hilo ndilo lililomkabili binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili na Historia katika Chuo Kikuu cha Moi, aliporudi likizo kwao Soy mwezi wa Julai 2008 na kukabidhiwa daftari, kalamu na kazi ya kuandaa mashindano ya drafti.

Soy ni kituo cha biashara kwenye barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Kitale, kabla ya kufika Matunda na Moi's Bridge. Ni nchi ya mahindi na ngano, na ni nchi ya mpakani: upande mmoja ni Uasin Gishu, upande wa pili ni Lugari na Likuyani. Siku ya soko, masikio hukutana na Kinandi, Kiluhya na Kigikuyu kabla ya kukutana na Kiswahili, lakini bei hatimaye huafikiwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi palikuwa na mjakaranda karibu na soko hilo, na chini yake kibanda cha fundi wa viatu. Fundi huyo alikuwa na ubao wa plaiwudi aliouchora kwa mkono wake mwenyewe, miraba 64, myekundu na myeusi. Kete zake zilikuwa vifuniko vya soda, au visoda kama waitavyo vijana, 12 kila upande, na kete iliyofika mwisho wa ubao ilivishwa kifuniko cha pili kichwani ikawa kingi. Wazee waliouita mji wa Eldoret kwa jina la zamani, Sisibo, yaani sitini na nne, kwa sababu ya nambari ya shamba ambapo mji ulianzia, walimtania kwamba anaubeba mji mzima mapajani.

Mpinzani wake wa kila siku alikuwa mkulima mmoja wa mahindi, mtu wa maneno machache, aliyefika kila alasiri na kukaa juu ya debe lilelile. Hakuna aliyejua nani alimzidi mwenzake kwa idadi ya michezo. Kila mmoja alidai ni yeye, na dai hilo lilikuwa sehemu ya mchezo.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa siku tatu baadaye, nchi iliwaka. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukageuka kambi ya mahema. Kibanda cha chini ya mjakaranda kilivunjwa usiku mmoja, na fundi akaondoka na jamaa yake na mfuko wa misumari. Mkulima hakuvunja chochote. Alisimama tu kando ya barabara, kama walivyosimama wengi, na asubuhi akauokota ubao matopeni akaupeleka kwake. Aliuweka nyuma ya kabati, wala hakuutoa tena. Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mkataba wa kugawana mamlaka, na mwezi wa Mei serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Baadhi ya watu walirudi. Fundi alibaki mjini Eldoret, akapata pembe ya kushonea viatu karibu na kituo cha matatu.

Hali ilikuwa hiyo kikundi cha vijana wa Soy kilipokutana na kuamua kwamba lazima watu wakutane tena penginepo pasipokuwa mazishini. Mapendekezo yalikuwa mengi. Kandanda ilikataliwa kwa kuwa uwanjani hukusanyika mashabiki, na mashabiki wa mwaka huo walikuwa wepesi wa kuokota mawe. Riadha nayo ilikataliwa, tena kwa kicheko: katika Uasin Gishu, kutangaza mbio ni sawa na kutangaza kwamba zawadi zimekwisha kugawanywa.

Kijana mmoja aliyewahi kufanya vibarua Nairobi alipendekeza bolingi. Wenzake hawakuijua, naye akawaeleza: tufe zito hubingirishwa kwenye sakafu laini yenye urefu wa mita 18 hivi ili liangushe pini 10 zilizosimamishwa mwishoni, na asiyekosea hata mara moja hufikia alama 300. Pendekezo lilianguka papo hapo, maana sakafu laini kuliko zote Soy ilikuwa ya ghala la mahindi. Hata hivyo, kijana alisema jambo moja lililobaki akilini mwa binti. Alisema kwamba katika ligi za wasio weledi, mchezaji dhaifu huongezewa alama kwa hesabu maalumu. Kama kigezo ni 200 na wastani wa mchezaji ni 120, huchukuliwa asilimia 90 ya tofauti hiyo ya 80, naye akaongezewa alama 72 katika kila mchezo. Binti akauliza, "Na wale hodari hawalalamiki?" Kijana akajibu, "Watalalamikia nini, dada? Hesabu imebandikwa ukutani kabla ya mtu kugusa tufe."

Jibu hilo ndilo lililomfungulia mlango. Alitambua kwamba haki ya shindano haitokani na usawa wa washindani, kwa kuwa washindani hawawi sawa kamwe. Hutokana na kila mtu kujua mapema jinsi tofauti zao zitakavyoshughulikiwa. Drafti ikapita kwa kauli moja. Ilihitaji vifuniko vya soda tu, na hata wasiosemezana wangeweza kuicheza bila kutamka neno.

Kazi ya kwanza ilikuwa sheria, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili alipokutana na Kiswahili chenyewe. Wachezaji wa Soy walikuwa na desturi zaidi ya moja. Wapo walioshikilia kwamba kete ya kawaida haili kinyumenyume. Wapo walioshikilia kwamba inakula. Wapo waliosema kwamba kula ni lazima, na wapo waliosema kwamba ni hiari ya mchezaji. Binti aliandika katika rasimu yake ya kwanza: "Kete inaweza kula kete ya mpinzani iliyo mbele yake." Mzee mmoja akaisoma, akauliza kwa upole, "Binti yangu, inaweza, au itakula?" Kwa neno hilo moja kikao kiligawanyika nusu kwa nusu. "Inaweza" ni ruhusa kwa mmoja na ni uwezo kwa mwingine. "Itakula" haina mlango wa nyuma. Likaandikwa "itakula". Suala la kula nyuma lilipigiwa kura kwa kuinua mikono, na upande ulioshindwa ukaombwa kusoma kwa sauti kanuni iliyopitishwa ili pasiwe na atakayesema hakuisikia.

Aliona pia jambo ambalo halikuhitaji kura. Wachezaji wote, wa lugha zote za nyumbani, walisema "kete imekula", lakini kete ileile ilipovikwa kifuniko cha pili walisema "kingi amekula". Cheo kilikuwa kimeihamisha kutoka ngeli moja hadi nyingine, na hakuna aliyefundishwa hivyo darasani. Alitabasamu, akaandika sheria zake kama walivyosema.

Kazi ya pili ilikuwa mfumo. Waliojiandikisha walielekea kufika 32. Mfumo wa mtoano ungekuwa rahisi kabisa: michezo 31 tu, na jioni kuna bingwa. Lakini katika mtoano, watu 16 hutoka baada ya mchezo wa kwanza. Binti aliwatazama watu hao 16 katika mawazo yake: wametoka Matunda, wametoka Ziwa, wamelipa ada, wameshindwa kwa dakika 20 na mtu ambaye hawajamsalimu tangu Januari, na sasa wanatakiwa kurudi nyumbani na uchungu mbichi mkononi. Kwa upande mwingine, kumfanya kila mmoja acheze na kila mmoja kungehitaji michezo 496, na Soy haikuwa na siku za kutosha.

Suluhu aliipata katika kijitabu cha chama cha sataranji chuoni. Ni mfumo wa Kiswisi, uliotumika kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zurich mwaka 1895. Katika mfumo huu hatolewi mtu. Raundi ya kwanza hupangwa kwa kura. Baada ya hapo, mwenye alama nyingi hukutanishwa na mwenye alama nyingi, na mwenye chache na mwenzake, mradi wasiwe wamekwisha kukutana. Ushindi ni alama 2, sare ni 1. Kwa watu 32, raundi 5 hutosha kumpata bingwa, na michezo yote ni 80. Kwa mbao 8, kila raundi hukaliwa mara mbili. Jumla ni mikao 10 ya dakika 20, yaani saa 3 na dakika 20. Wakianza saa 3 asubuhi, wangemaliza kufikia saa 7, kabla ya mvua ya Agosti ambayo hukawia kidogo tu ndipo imwagike. Tena siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi, 23 Agosti 2008, na michezo ya Olimpiki ya Beijing ilikuwa bado inaendelea. Hakuna mwenye akili timamu katika Uasin Gishu ambaye angekaa kwenye ubao wa drafti alasiri hiyo ilhali Wakenya wanakimbia.

Bajeti ilikuwa nyembamba. Ada ya shilingi 50 kwa watu 32 ni shilingi 1,600: rangi ya mbao 300, fotokopi 100, chai na mkate 500, jogoo wa bingwa 400, na unga na sukari kwa wa pili na wa tatu 300. Seremala alitoa mabaki ya plaiwudi bure.

Hapo ndipo alipotokea mfadhili. Alikuwa mtu mwenye gari na mwenye nia ya kuonekana mwema. Aliahidi baiskeli mpya kwa bingwa, soda kwa wote na turubai la kukinga mvua. Sharti lake lilikuwa dogo. Aliomba fainali iwe baina ya watu wawili wa jamii mbili tofauti, na kama ingewezekana, iwe baina ya yule fundi na yule mkulima, wapeane mikono mbele ya kamera. "Ni kwa ajili ya amani, mwalimu," alimwambia binti, akimpa cheo ambacho bado hakukihitimu. "Nani atajua?"

Kikundi kiligawanyika. Wengi walitaka baiskeli, na si kwa ulafi tu. Waliamini kweli kwamba picha ile ingesaidia. Binti hakulala vizuri kwa siku mbili. Hoja yake mwenyewe ilimchoma pande zote mbili. Je, kupanga matokeo mema ni dhambi sawa na kupanga matokeo maovu? Watu wangepeana mikono, na mikono ni mikono. Lakini alikumbuka kwamba nchi yake ilikuwa imetoka tu kuuana kwa sababu watu hawakuamini hesabu waliyosomewa. Kama angewapa hesabu nyingine ya kusomewa, hata iwe tamu vipi, angekuwa amewafunza kwamba hesabu zote hupikwa na kwamba tofauti ni ya mpishi tu. Alimjibu mfadhili kwa adabu kwamba fainali haipo katika mfumo wao, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba kura ya raundi ya kwanza itavutwa na mtoto mbele ya watu wote. Baiskeli haikuja. Turubai pia halikuja.

Badala yake aliongeza kanuni mbili kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa posho mili. Ya kwanza: aliyeshindwa ndiye atakayeandika matokeo, jina la mshindi kwa mkono wake, kisha atie sahihi kabla ya mshindi. Ya pili: iwapo idadi ya waliojiandikisha hadi Ijumaa jioni itakuwa witiri, nafasi moja itabaki wazi hadi saa 2 asubuhi ya Jumamosi ili asiwepo wa kupewa alama za bure. Wapo waliohisi kwamba kanuni ya pili ilikuwa na mtu wake. Yeye hakusema lolote. Ijumaa jioni daftari lilikuwa na majina 31.

Fundi alishuka kwenye matatu kutoka Eldoret saa 2 kasoro dakika 10. Alilipa shilingi 50 za sarafu. Aliutazama mjakaranda, kisha akazitazama mbao 8 zilizopangwa juu ya mabenchi ya shule. Saba zilinukia rangi mpya. Ya nane ilikuwa nzee, nyekundu yake imefifia, na ufa ukipita kona moja. Aliyeileta hakujitaja, lakini alikuwa ameketi juu ya debe upande wa pili.

Kura ilivutwa kofiani na mtoto wa darasa la 2. Haikuwakutanisha wawili hao. Fundi alishinda mchezo wake wa kwanza, akashindwa wa pili na mvulana wa kidato cha pili aliyecheza kwa kasi ya kuudhi. Mkulima alianza kwa kushindwa, kisha akashinda. Baada ya raundi mbili kila mmoja alikuwa na alama 2, na raundi ya tatu ilipopangwa, jedwali likawakutanisha. Hakuna aliyekuwa amelilazimisha. Kila mtu aliweza kuihesabu njia iliyowaleta hapo, na wengine waliihesabu kwa vidole, mara mbili.

Walicheza kwenye ubao wenye ufa. Hawakusemezana. Kwa dakika 10 hakuna aliyemzidi mwenzake. Kisha fundi alisogeza kete ya kando, kosa ambalo mtu aliyecheza kila siku asingelifanya, na mkulima akala tatu kwa mkupuo. Mchezo ulikwisha kabla ya muda. Mwamuzi akamsogezea fundi karatasi. Aliishika kalamu kwa muda, akaandika jina la mpinzani wake taratibu, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeandika anwani ambayo hajaitumia kwa muda mrefu. Akatia sahihi. Kisha akagusa kona ya ubao kwa kidole gumba.

"Ufa huu ulikuwepo?" aliuliza.

"Ulikuwepo tangu ulipoutengeneza," mkulima alijibu. "Nilikwambia msumari ule ni mrefu, fundi."

Hayo tu. Hawakukumbatiana, wala hapakuwa na kamera. Lakini kuna jambo ambalo binti aliliona na ambalo picha ya mfadhili isingelinasa. Fundi hakuondoka. Katika mfumo wa mtoano, kushindwa kule kungempeleka moja kwa moja kituoni, na saa 5 angekuwa Eldoret. Sasa alikuwa na raundi ya nne, na ya tano. Alikunywa chai na watu waliokuwa wameshindwa kama yeye na waliokuwa wameshinda, akalalamikia sukari.

Raundi ya nne ilileta aibu. Kwa haraka binti aliwapanga watu wawili waliokwisha kukutana katika raundi ya pili. Mwendesha bodaboda wa baiskeli, aliyekuwa akilisoma jedwali mlangoni, alipaza sauti: "Mwalimu, hawa wamekwisha kula mezani pamoja!" Watu walicheka. Binti alifuta, akapanga upya mbele yao, akaomba radhi. Baadaye alitafakari kwamba kosa lile lilikuwa na faida kuliko usahihi wake wote. Mpangaji asiyekosea huaminiwa kwa hisani ya watu tu, lakini yule ambaye kosa lake laweza kuonwa na mwendesha baiskeli na kusahihishwa hadharani huaminiwa kwa ushahidi.

Bingwa aliibuka yule mvulana wa kidato cha pili, alama 10 kwa 10, akambeba jogoo kwapani. Mkulima na fundi walimaliza katikati ya jedwali, ambako watu wengi humaliza. Mvua ilianza mbao zikikusanywa, na umati ukahamia hotelini kwenye televisheni. Siku hiyo Wilfred Bungei alishinda dhahabu ya mita 800 na Nancy Lagat ya mita 1,500, na kesho yake Samuel Wanjiru akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika marathoni. Hotelini hapakuulizwa kabila la miguu.

Isidhaniwe kwamba drafti iliponya kilichovunjika. Fundi alirudi Eldoret kwa matatu ya saa 12 jioni, wala hakujenga tena kibanda Soy. Alianza tu kuja Jumamosi, si zote, akiwa na mfuko wake wa misumari, akashona viatu viwili vitatu na kucheza hadi giza liingie. Mkulima alimwambia auchukue ubao wake. Akajibu kwamba ubaki hapo, mjini hana mtu wa kumfunga.

Methali ya wahenga ni ya kweli, ila ina upande wake wa pili ambao hautamkwi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na anayepanga mashindano ambayo kushindwa kwake hakukubaliki, huyo naye si mpangaji. Kura ivutwe mchana, kanuni zisemwe kwa lugha ambayo kila mtu anaimiliki, aliyeshindwa ashike kalamu kwanza, na benchi lake libaki pale pale akitaka kuketi tena. Binti alihitimu, akawa mwalimu wa shule ya upili. Kila mwaka wanafunzi wake wanapochagua viranja, karatasi ya matokeo huanza kutiwa sahihi na yule aliyepata kura chache.